Siku Tatu za Kupoza Boila

Cheti cha boila kilikuwa kimetundikwa ukutani ndani ya fremu ya kioo, juu kidogo ya ndoo ya mchanga. Kilisema kinaisha tarehe thelathini Novemba. Cha mwaka wa nyuma yake kilisema hivyo hivyo, na cha nyuma zaidi pia. Sina wa kumsingizia. Tarehe haikuhama hata mara moja.

Kwa asiyejua kazi hii, boila ni pipa la chuma, kubwa karibu kama basi dogo. Ndani mna maji, na katikati ya maji yamepita mabomba sitini yanayopitisha moto. Maji yanachemka, mvuke unakwenda kwa dobi, jikoni, na kwenye chumba wanachochemshia vyombo vya upasuaji. Hospitali nzima ilitegemea boila moja, na boila lilinitegemea mimi. Miaka ishirini na miwili. Ufunguo wa chumba chake niliufunga kwenye mkanda, na suruali zangu zote zilichakaa mahali pamoja.

Mara moja kwa mwaka mkaguzi huja. Hataki boila la moto. Anataka limezimwa, limepoa, limetolewa maji, limekwanguliwa ndani ukoko unaoachwa na maji, mlango uko wazi. Kupoa peke yake ni siku tatu. Hulipozi wewe, unaliacha lipoe lenyewe. Na siku hizo hakuna mvuke, kwa hiyo dobi lazima awe na mashuka ya akiba, jikoni wawe wameandaa majiko ya gesi, na madaktari wawe wamepanga upasuaji wao. Yote hayo yanataka mtu mmoja atembee ofisi tatu, wiki mbili kabla, aseme tarehe. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Mwaka uliotangulia nilichelewa siku nne, cheti kikaisha, boila likabaki limezimwa. Wagonjwa wakalalia mashuka waliyoletewa na ndugu zao. Katibu wa hospitali akanipa barua. Shule niliiacha darasa la sita, lakini barua ile niliielewa bila kusomewa: ukichelewa tena, ufunguo unakwenda kwa mwenzako, na wewe unakwenda kulinda geti.

Mwenzangu niliyekuwa napokezana naye zamu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba kama fito. Tulimwita Kalenda. Alikuwa na kitabu cha zamu alimoandika kila kitu: saa ya kuwasha, saa ya kuzima, geji ya mvuke inasoma ngapi. Hata chai yake ilikuwa na saa.

"Kaka, boila linataka tarehe," aliniambia Januari.

"Mwaka bado mbichi, dada."

Machi akaniuliza tena. Nikamwambia tungoje dobi apate mashine yake mpya. Juni mashine ikaja. Nikasema wacha waizoee kwanza. Agosti nikasema pampu inanitia wasiwasi. Pampu haikuwa na tatizo lolote. Oktoba akaacha kuniuliza kwa mdomo, akaandika kwenye kipande cha karatasi, TAREHE, akakibandika juu ya geji pale ambapo lazima nitazame. Nikawa natazama geji kwa pembeni.

Watu walidhani ni uvivu. Hata mke wangu. "Wewe ukiambiwa unakufa kesho," alisema, "utaomba isogezwe keshokutwa." Nilicheka naye. Kucheka kulikuwa rahisi kuliko kueleza.

Jumanne ya wiki ya mwisho ya Novemba, asubuhi, mkaguzi akapiga simu.

"Nakuja Alhamisi saa nane mchana. Baada ya hapo niko likizo mpaka mwaka mpya. Boila limeshazimwa?"

"Usiwe na wasiwasi, mzee," nilisema, na nikaifunika simu kwa kiganja, maana lilikuwa linanguruma nyuma yangu.

Nikapanda kwa mama dobi. Chumba chake kina joto na harufu ya sabuni muda wote, na yeye mwenyewe anatawala pale kama bibi harusi na mama mkwe kwa pamoja.

"Mama, habari za kazi."

"Sema shida yako. Ukiniita mama kwa sauti hiyo najua kuna balaa."

"Nazima boila."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Alikuwa ameshika shuka kwa pembe mbili. Akaliachia likaanguka. "Sasa hivi ya leo?"

"Ya leo."

"Nina wodi ya wazazi imejaa pomoni. Nina mashuka mia mbili machafu hapo kwenye mikokoteni. Unaniletea sasa hivi? Mwaka mzima ulikuwa wapi, ulisafiri?"

"Nilikuwa hapo chini."

"Hapo chini! Ngazi kumi na mbili zimekushinda!" Akawageukia wanawake wanaofanya kazi naye. "Jamani, toeni mabeseni. Leo tunafua kwa mikono, kwa hisani ya bwana huyu. Mtazameni vizuri sura, mkikutana naye njiani msimsalimie."

Walicheka kidogo tu. Walikuwa wameshachoka kabla ya kuanza.

Saa tano nikazima moto. Kalenda akaandika kitabuni: Jumanne, saa tano, limezimwa. Akahesabu kwa vidole.

"Hazifiki siku tatu, kaka. Na bado kukwangua."

"Nitajua la kufanya."

"Usilimwagie maji."

"Nani ametaja maji?"

"Nimetaja mimi. Usilimwagie."

Jumatano alikuwa mapumzikoni. Alikuwa anampeleka mama yake kliniki ya macho, siku aliyoipanga tangu Septemba. Mchana nikaweka kiganja kwenye ubavu wa boila. Nikasema moja, kabla ya kufika mbili nikautoa mkono. Nikakaa kwenye ndoo. Nikasimama. Nikaweka tena kiganja, kama vile dakika kumi zingebadilisha kitu.

Nilijua nisichotakiwa kufanya. Fundi aliyenifundisha kazi alinionyesha mapema kabisa: chuma kikiwa cha moto ukakitia maji ya baridi, kile chembamba hunywea kabla ya kile kinene, na mabomba huachia pale yalipokazwa. Mtu hawezi kukaa miaka ishirini na miwili na boila halafu aseme hakujua. Nilifungua vali ya chini, nikatoa nusu ya maji ya moto, kisha nikafungulia ya baridi.

Lililia. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, kama mtu anayealisha vidole vyake chumba cha pili. Tak. Tak tak. Nikaendelea kushika vali kwa sababu sikujua mkono niupeleke wapi.

Saa kumi na moja jioni lilikuwa limepoa. Nikatoa maji yote, nikafungua mfuniko wa juu. Na hapo nikafika mahali ambapo nilikuwa napakimbia tangu Januari.

Tundu la kuingilia boila lina umbo la yai. Unaingiza miguu, unatoa pumzi, unapitisha bega moja kisha la pili. Nikiwa kijana nilikuwa napita huku napiga mluzi. Miaka mitatu nyuma nilikwama kiunoni. Nusu saa nzima, miguu inaning'inia ndani gizani, tumbo limekaa kwenye chuma kama kizibo, naomba Mungu mtu asije. Nilipochomoka nilikuwa nimechubuka pande zote mbili. Miaka miwili iliyofuata nilikwangua nikiwa nje, kwa chuma kirefu, nikiombea tochi ya mkaguzi iwe na betri chovu. Ndiyo maana mwaka huo wote sikutaka kusikia neno tarehe. Kila mara Kalenda alipolitaja, mimi nilisikia tundu.

Jioni ile nikaingiza miguu. Nilikuwa nimeongezeka. Nikaitoa, nikakaa tena kwenye ndoo.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi Kalenda akanikuta. Aliutazama mfuniko uliofunguliwa, akaona magoti yangu hayana hata vumbi la ukoko.

"Hujaingia."

"Bado."

"Huwezi kuingia," alisema, na hakuwa anauliza. "Najua miaka mitatu sasa. Siku ile nilirudi kuchukua mwavuli wangu, nikakuona uko juu kama chupa na kizibo chake. Nikaondoka taratibu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kaka, umenenepa? Nilikuwa nangoja uniombe. Ile karatasi ya TAREHE nilidhani itakufanya uniite."

Akavua koti, akafunga kitambaa kichwani, akapita kwenye tundu kama barua inavyopita kwenye sanduku. Nikasikia anakwangua. Nilimpa taa, nilimpokea ndoo za ukoko, nikazimwaga nje. Kazi iliyonikosesha usingizi mwaka mzima ilimchukua saa tatu.

Kisha akazunguka mbele, akafungua mlango wa upande wa moto ili afagie masizi. Akauweka ufagio chini.

"Njoo."

Kwenye yale masizi meusi palikuwa na michirizi minne. Maji yalikuwa yametoka kwenye mizizi ya mabomba manne, pale yalipokazwa, na kuosha njia mpaka chini.

"Umelimwagia," alisema.

"Ndiyo."

Akafunga mlango kwa upole, kama mlango wa chumba cha mgonjwa. "Kitabu kinasema Jumanne saa tano. Sifuti."

"Sijakuomba."

Akaenda kuoga masizi. Kitabu akakiacha mezani. Nikakifungua. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama mistari yenyewe. Ukurasa ulikuwa mmoja tu, umeshonwa kwa uzi uliolegea. Ukitoka huo, ningesema lilizimwa Jumapili, na mabomba yangeitwa ya uzee. Yalikuwa na umri wa kutosha kusingiziwa. Nikaushika ukurasa kwa vidole viwili. Halafu nikafikiria mkaguzi akimgeukia Kalenda na kumuuliza kwa nini kitabu chake kina pengo, mtu ambaye hata chai yake ina saa. Nikakifunga.

Mkaguzi akafika saa nane kamili. Ni mzee kidogo kuliko mimi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Akaingia ndani na nyundo yake ndogo, tukamsikia anagonga, anasogea, anagonga. Akatoka, akaenda mbele, akamulika masizi. Hakuhitaji dakika mbili.

"Mabomba haya mwaka jana yalikuwa mazima," alisema. "Boila lilizimwa lini?"

Kalenda akatazama viatu vyake.

"Jumanne saa tano," nilisema. "Jana nikalitia maji ya baridi. Ni mimi. Yeye hakuwapo, na alinikataza."

"Na wewe ni fundi wa siku nyingi."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukulizima mapema? Novemba haikuja ghafla."

Mashine ya dobi ilikuwa karibu kabisa na ulimi wangu. Pampu pia. Nikaonyesha tundu kwa kidole. "Pale siingii tena. Niliona aibu kusema."

Akatazama tundu, akatazama tumbo langu. Nilitamani acheke. "Kwa hilo tu?" alisema, na akaanza kuandika.

Boila lilifungwa siku kumi na moja mpaka mabomba manne yalipobadilishwa. Mashuka yakawa yanabebwa kwa lori kwenda kufuliwa hospitali nyingine, na yaliyobaki akina mama dobi wakayafua kwa mikono. Wagonjwa wa upasuaji walioweza kungoja waliambiwa wangoje. Siku ya nne nilikutana na mama dobi ngazini. Akaninyooshea mikono yake, imechubuka mpaka kwenye viungo vya vidole. Hakutukana. Alinionyesha tu, akapita.

Katibu hakuongea sana. Barua ilikuwa imeshaandikwa tangu mwaka uliotangulia, ilibaki kuweka tarehe. Nikashuka kumpa Kalenda ufunguo. Pete ya ufunguo ilikuwa imekaza kwenye mkanda, nikahangaika nayo, yeye amesimama mkono wazi, hanisaidii wala hanihimizi. Ilipotoka akaupokea akasema, "Haya, kaka," basi.

Sasa nipo getini. Kazi ni kiti, kitabu cha wageni na kamba ya kuinua kizuizi. Magoti yanauma zaidi nikikaa kuliko nilipokuwa nasimama. Bomba la moshi naliona kutoka hapa, na najua kwa rangi ya moshi kama Kalenda amewasha vizuri. Huwa amewasha vizuri.

Februari alipita asubuhi na karatasi mkononi.

"Tarehe kumi na mbili Juni," alisema. "Mama dobi amekubali, madaktari wameshaandika, mkaguzi nimempigia."

"Juni! Cheti kinaisha Novemba."

"Ndiyo." Akaegemea dirisha langu. "Nataka uje siku hiyo unishikie taa. Nje, usiogope."

"Nitakuja."

Jicho lake likaangukia meza yangu. Pale chini ya kitabu cha wageni palikuwa na fomu. Walinzi wote lazima wapimwe macho kila mwaka, mwisho tarehe thelathini na moja Machi. Ilikuwa pale tangu Januari, imeshapata duara la kikombe cha chai. Siku hizi namba za magari ya mbali huwa nazikisia.

"Hiyo umejaza?"

"Nitajaza ke..." Nikaishia hapo.

Gari lilikuwa linapiga honi, nikavuta kamba, likapita. Alikuwa bado amesimama.

"Dada," nikasema, "hivi ile kliniki unayompeleka mama yako, siku wanapanga wapi?"

Akatoa kalamu sikioni, akanipa.