Shimo la Aliyemaliza Kulipa

Katunge alilipa awamu ya mwisho ya mkopo wake siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa ameketi juu ya mtungi wa plastiki kando ya shamba lake la vitunguu, nyuma ya mji mdogo wa Kambu. Ilikuwa shilingi elfu nne mia tatu na hamsini. Mkopo ulikuwa wa pampu ya maji, na alikuwa ameumaliza miezi minne kabla ya siku yake. Simu ikalia, ikampongeza. Akausoma ujumbe mara mbili, akaitia simu kifuani, akaenda kuwasha pampu.

Pampu ikakohoa, ikavuta hewa tupu.

Akashuka mtoni kuangalia. Mto ule hauna maji juu ya mchanga ila siku chache za mvua. Kiangazi kila nyumba huchimba shimo lake mchangani na kulizungushia miiba. Alfajiri maji ya shimo la Katunge yalikuwa yanamfika mtu kiunoni. Sasa yalifika kwenye kifundo cha mguu.

"Ni alama zimeshuka," alisema Kavata, wifi yake, aliyekuwa anafua hapo kando. Hata hakuinua kichwa.

Kila mtu wa mto ule alijua mambo yalivyo. Tangu kampuni za mikopo zianze kuwapa watu alama, maji ya shimo hufuata alama za mwenye shimo. Zikipanda, yanapanda. Zikishuka, yanashuka. Mwanzoni wazee walisema ni mchanga tu, halafu wakanyamaza, maana hesabu ilikuwa inalingana kila mara. Watu walilalamikia bei ya mbolea kuliko jambo hilo.

Lakini alama hushuka kwa mtu asiyelipa, na Katunge alikuwa amelipa. Akafungua simu. Jana alikuwa na mia sita tisini na moja. Leo mia tano themanini na tatu.

"Kwani nimeiba?" aliuliza.

"Piga simu uwaulize," Kavata akasema, akakamua shuka.

Vitunguu vilikuwa nusu ekari, na vilibakiza wiki tatu kuvunwa. Tangu mumewe Musembi afariki, miaka mitatu iliyopita, Katunge alikuwa amevuna mara tano, na mara zote tano mavuno yalikwenda kwa wenye mkopo kabla mchanga haujakauka kwenye mikono yake. Haya yalikuwa yawe mavuno yake ya kwanza. Yake yeye, yote, mpaka gunia la mwisho. Ndiyo maana alijinyima, akauza mbuzi wawili, akamaliza deni mapema. Na mwenye lori, Mathenge, alikuwa ameshasema anakuja.

Sasa mtazame Mulwa, jirani yake. Mulwa ana mikopo mitano. Anakopa huku analipa kule, anakopa kule analipa huku, na kila mwezi analipa kwa wakati. Shimo lake lilikuwa limejaa hadi likamwagika, na amefuga bata. Bata, Kambu, mwezi wa tisa! Asubuhi walikuwa wanaogelea huku Katunge akiangalia kifundo chake cha mguu. Maji ya kunywa hayanyimwi mtu, hiyo ni sheria ya mto ule tangu zamani. Lakini maji ya shamba ni ya mwenye shimo, na Mulwa alikuwa anauza mtungi shilingi ishirini. Vitunguu vya Katunge vilitaka mitungi mia tatu kwa siku. Piga hesabu mwenyewe.

Jumatano alikwenda Kibwezi, kwenye ofisi ya kampuni iliyomkopesha. Afisa wa mikopo alikuwa msichana mmoja mpole, Sandra, mwenye kucha safi. Alimwekea kiti, akafungua kompyuta.

"Mama, ulikuwa unalipa vizuri sana," Sandra alisema.

"Najua. Basi?"

"Basi sasa hulipi."

"Silipi kwa sababu nimemaliza!"

"Ndiyo, mama. Kwa hiyo hatukuoni ukilipa." Sandra akaigeuza kompyuta amwonyeshe. "Mkopo wa pampu ndio ulikuwa mkopo wako wa zamani zaidi. Umefungwa. Sasa umebaki na huu mdogo wa simu peke yake, na umekopa elfu moja mia nane kati ya elfu mbili. Huu ukiwa kando ya ule mkubwa ulikuwa hauonekani. Ukiwa peke yake unakuonyesha kama mtu aliyefika shingoni kwa deni."

"Dawa ya deni si kulipa?"

"Ni kulipa, mama. Si kumaliza."

Katunge akatoa simu kifuani. Hasira ilikuwa imempanda hadi masikio yakawa yanavuma. Alikuwa na elfu mbili za dawa ya wadudu. Palepale mbele ya meza akalipa ule mdogo nao, wote, na riba yake, akaweka simu mezani.

"Haya. Sasa sina deni la mtu yeyote duniani. Niambie tena nimefika shingoni."

Sandra akatazama kompyuta, akasikitika kwa dhati kabisa. "Aki mama, ungeniuliza kwanza," alisema.

Katunge aliporudi mtoni jioni, shimo lilikuwa kavu.

Alhamisi Kavata akaita mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi. Wakaja akina mama kumi na wanne na majembe na sufuria za kuchotea mchanga, maana mwenzako akikaukiwa hamkai nyumbani. Walichimba tangu asubuhi, wakapokezana, wakaimba. Walifika futi kumi na moja, wakagonga mwamba. Mwamba ulikuwa na vumbi. Hatua nne kutoka hapo, shimo la Mulwa lilikuwa linamwagika, na maji yake yalikuwa yakifika kwenye mpaka wa miiba ya Katunge yanageuka kando.

Wakatoka, wakanywa chai.

Mwaitu Mbinya, mama mzee kuliko wote pale, alikuwa anawatazama akiwa na mtungi wake mtupu. Shimo lake halijawahi kuwa na tone tangu alama zianze. Huchota ya kunywa kwa wengine.

"Mimi sijawahi kukopa hata kiberiti," alisema. "Nilikuwa nadhani kuna dhambi nilifanya."

"Hukufanya kitu, mwaitu," Katunge akamwambia. "Hawa watu ni washenzi."

"Eeh," alisema Mbinya. Kavata akamjazia mtungi kwa Mulwa.

Ijumaa Katunge akarudi Kibwezi, akakopa. Alikopa elfu ishirini ambazo hakuwa na kazi nazo. Dhamana ikawa pampu, ileile aliyoimaliza kulipa siku tatu kabla. Sandra alimweleza kwamba alama zitashuka kidogo kwanza, kwa sababu mtu akiomba mkopo mfumo unamwona kama mwenye shida.

"Zishuke ziende wapi, na shimo limefika mwambani?"

"Ni utaratibu, mama."

Zikashuka. Mwamba ukapasuka kwa ukavu. Kila jioni Katunge alinunua mitungi thelathini kwa Mulwa, kwa pesa zilezile za mkopo, akamwagilia mistari ya karibu na njia. Mistari mingine aliiacha. Aliipita bila kuitazama, kama unavyompita mtu anayekudai. Majani yakawa manjano, yakalala. Siku ya tisa simu ikasema alama mia sita tisini, na maji yakaingia shimoni, safi, yakasimama kiunoni.

Mathenge alikuja na lori lake siku aliyosema. Shamba lilikuwa limepangiwa magunia arobaini. Yalitoka kumi na saba. Mathenge alikuwa mtu mstaarabu, hakusema neno juu ya mistari iliyokauka. Alihesabu noti mara mbili, akapakia, akaenda zake upande wa Emali.

Katunge na Kavata wakaketi kwenye ukingo wa shamba. Noti zilikuwa mapajani mwa Katunge, na Kavata akazihesabu kwa macho.

"Zinatosha kumaliza mkopo wote," Kavata alisema. "Na kidogo kinabaki."

"Zinatosha."

"Unamaliza?"

Katunge akageuza macho mtoni. Pampu ilikuwa inanguruma vizuri, na maji yalikuwa yanatembea kwenye mitaro ya miche mipya ya sukuma wiki. Akatoa shilingi elfu mbili mia moja, za mwezi ule tu, akampa Kavata amlipie mkopo kwa simu yake mwenyewe.

"Na hizi zingine?"

"Zitakaa kwa mkebe, chini ya kitanda."

"Zikae tu? Na riba inakula?"

"Wacha iendelee kula. Wezi hawa," alisema Katunge, kwa sauti ya mtu anayetaja siku ya soko. "Mwezi ujao nitatoa zingine elfu mbili mia moja. Mwaka ujao deni likibaki kidogo, nakopa tena kabla halijaisha."

Kavata akabonyeza. Simu ya Katunge ikamshukuru kwa kulipa kwa wakati, na shimoni maji yakapanda kidole kimoja.