Chupa Juu ya Boneti

Katika nchi ya Bwawani kila kitu kilitiwa maji: maziwa, wino wa makarani, hata viapo. Mfalme Kiboko alikwisha kutamka kwamba maji ni uhai, na nani angembishia? Dizeli nayo ikafuata mkondo.

Ngiri, dereva wa gari la maiti, alikuwa na desturi ya madereva wa zamani. Akipewa dizeli, humimina kidogo kwenye chupa ya kioo, akaiweka juu ya boneti na kungoja. Chupa ikitulia, maji hushuka chini, mafuta hubaki juu. Gari lake lilikuwa kuukuu kuliko wizara zote. Likinyweshwa maji huzima kwenye mwinuko, na makaburi ya Bwawani yako mlimani.

Asubuhi aliyofiwa na mama yake alizunguka vituo saba. Kila alipoitua chupa, nusu ilikuwa maji. Jua likapanda. Kanga, jirani ambaye habari hazilali tumboni mwake, alikwisha kujaza nyumba. Watu wa mtaa walikunywa chai wakibishana ni nani marehemu alimsema zaidi. Ngiri hakusikia. Hata kulia hakukumbuka. Alifikiria chupa tu.

Ilisemwa pipa safi liko ikulu. Akaenda, chupa mkononi, akalikuta baraza limeketi. Akaomba lita kumi, ampeleke mama mlimani kabla joto halijamharibu.

Waziri Kenge akaipokea ile chupa, akavaa miwani.

"Pole sana, mwanangu. Lakini aliyekufa ana haraka gani?"

Wajumbe wakacheka kwa adabu, kama wachekavyo wanaokula mezani kwa mtu.

"Mtukufu," Kenge akamgeukia Mfalme, "dizeli haina kosa. Kosa ni huku kuitua chupa. Hata sisi hapa, tukiachwa tutulie sana, yetu ya chini yataonekana. Iwe amri: chupa itazamwe ikitikiswa."

Mfalme akapiga mwayo. Karani akauandika kuwa ndiyo.

Ngiri akarudi mikono mitupu, akajaza alichopata kituoni. Gari likazima kwenye mwinuko wa kwanza. Kanga akajifunga kibwebwe, akawaita wenzake.

"Wewe shika usukani tu, baba. Huyu mama ametupikia sote."

Wakasukuma mpaka juu.

Amri ikashika. Watunza pipa la ikulu, walipoona hakuna tena anayeruhusiwa kuitua chupa, nao wakaongeza maji yao. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, Mfalme Kiboko akafa kwa shibe. Gari la maiti lilikuwa lile lile moja, na Kenge mwenyewe ndiye aliyeleta dizeli.

Ngiri akamimina kidogo chupani, akaitikisa, akaitazama kama amri isemavyo.

"Safi," akasema.

Likazima kwenye mwinuko ule ule, jua la utosini. Kenge akateremka, akawaomba waliojipanga kando ya njia wasukume. Hakuna aliyenyanyua kwato. Alitaka kusema kwamba joto litamharibu Mfalme, akalikumbuka swali lake mwenyewe. Kanga alikuwa anawamiminia jirani zake chai.

Ngiri hakuona furaha. Hakuona chochote. Aliiweka chupa juu ya boneti, akaketi kivulini, akaiacha.

Maji yakaanza kushuka, taratibu, mbele ya nchi nzima.