Siku Daimu Aliponinyamazia

Wazo la kwenda kutafuta mizimu lilikuwa la rafiki yangu Remmy, na kama ningekuwa na akili zangu timamu ningebaki zangu nyumbani Ruhuwiko nikifua. Remmy ana gari na simu kali, basi anadhani kila kitu duniani kinamngoja yeye akirekodi. "Wikiendi nzima," akasema, "sehemu zote za kale zinazoogopwa hapa Songea. Mimi na mke wangu Hilda, wewe Benigna, na Daimu." Aliposema Daimu nikakubali kabla hajafunga mdomo.

Daimu ni Myao wa Nalasi, kule Tunduru. Alikuja Songea kutengeneza friji, akapanga chumba jirani na kwetu. Mimi Mngoni, na Wangoni na Wayao ni watani, kwa hiyo tangu siku ya kwanza ni matusi tu. Yeye ananiita mlevi wa pombe ya komoni, mimi namwita mateka aliyewatoroka babu zangu. Mara ngapi ameniambia atanioa nikamfukuzie ngedere kwenye mikorosho! Nacheka, namtukana, halafu nikifika chumbani nakaa kitandani nimenuna, maana nampenda yule kaka, jamani, nampenda hasa, na sijawahi kujua kama kuna hata siku moja aliyokuwa anamaanisha. Sasa baba yake amezeeka. Jumatatu Daimu anarudi Nalasi moja kwa moja kushika shamba, na mama yake ameshamtafutia binti. Nilibakiwa na wikiendi hiyo tu.

Jumamosi ikapotea bure. Tulizunguka nyumba moja ya zamani isiyo na paa, ambayo watu wanasema ukipita unasikia buti za askari wa Kijerumani. Tulichosikia sisi ni mbuzi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kaburi la mzee wa Kingoni, Daimu akajilaza juu yake kama watani wafanyavyo msibani, akagoma kuinuka mpaka Mngoni amnunulie soda. Hilda akapiga kelele kwamba atatuletea balaa. Mimi nikamwambia abaki hapo hapo, tumfukie. Wote wakacheka.

Jumapili tulitoka misa ya kwanza, tukampitia Daimu, yeye Mwislamu, tukapanda mlima Matogoro. Huko juu kuna pango ambalo wanasema wapiganaji wa Majimaji walijificha, wengine hawakutoka, na mpaka leo wanakohoa humo ndani. Mlangoni tulipiga makofi taratibu kuomba njia, hata Remmy. Ndani kulinuka popo. Nilishindwa kusimama mahali pamoja. Naenda, narudi, najikwaa, Hilda ananiambia nitulie. Ndipo mtu akakohoa.

Hilda akatoka mbio. Remmy akamfuata na tochi yake, mwanaume mzima, akatuacha gizani. Nikalidaka shati la Daimu.

"Ni mimi niliyekohoa," akasema. "Nilitaka watoke."

"Mpumbavu wewe!"

"Benigna, bila utani. Nikifika kwa mama nimwambie mchumba ninaye tayari? Nimwambie ni wewe?"

Sasa, hilo "bila utani" kwetu ndilo linalotangulia kila uongo. Ningeuona uso wake ningejua, lakini giza lilikuwa zito, na mdomo wangu ukashika njia uliyoizoea. "Niolewe na wewe?" nikasema. "Mngoni haolewi na mateka wake. Kamwambie mama yako akutafutie ngedere."

Nikangoja anirudishie. Mtani akitukanwa hurudisha, ndivyo utani ulivyo. Nikangoja aitaje komoni, nikangoja awataje ng'ombe walioibwa na babu zangu.

"Sawa," akasema. Akanishika mkono kwa adabu, akanitoa nje.

Njia nzima ya kushuka nilimchokoza. Nikaitukana miguu yake, friji zake, Tunduru nzima. "Ndiyo, dada," anajibu. "Kweli, dada." Hajawahi kuniita dada hata siku moja! Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya, nikatamani kujizaba makofi.

Tulipofika kwenye gari nikamzibia mlango. "Daimu, nilidhani unatania. Nimekubali. Nataka kuolewa na wewe."

Akatabasamu, tabasamu lisilo na raha. "Wangoni bwana. Mnajua kuigiza."

"Haki ya Mungu!"

"Hivyo hivyo uliniapia kwamba friji ya parokia imelipuka. Nilikwenda mbio na ndala mguu mmoja."

Kila neno zito nililokuwa nalo nilishalichezea. Basi nikamchomolea simu mfukoni, nikampigia mama yake. Mama huyo naye ni mtani wangu. Hatujaonana, lakini kila akimpigia mwanawe mimi huinyakua simu, tukatukanana mpaka pumzi zinamwishia. Kumwamkia, sijawahi. Sisi hatuamkiani hata kwa bahati mbaya. Anayeamkiwa kwa heshima ni mkwe.

"Nani? We mlevi?" akapokea.

Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi. "Shikamoo, mama."

Nikasikia kuku wake wakilia.

"Benigna?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Mungu wangu, kuna nini? Daimu amekufa?"

"Mzima, mama. Nakuamkia tu."

Nilijua anamfikiria yule binti ambaye alikwisha kwenda kumsemea kwa wazazi wake. "Na wewe ni wa kanisani," akasema mwishowe, polepole.

"Ndiyo, mama."

"Mpe simu huyo mwanangu."

Daimu alikuwa amekaa chini kando ya gurudumu, mikono kichwani. Akaipokea, akasikiliza. "Ndiyo, mama," akasema. "Amepiga magoti. Namwona." Akasikiliza tena, kisha akanigeukia, machozi yanamtiririka na hajifuti.

"Anasema hajakuitikia bado," akaniambia. "Marahaba yako uifuate mwenyewe Nalasi."