Chumvi Yangu Kwenye Nyama ya Swala

Mke wa mwanangu aliloweka nyama ya swala iliyotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi tangu asubuhi, akabadilisha maji mara tatu ili chumvi ipungue, maana wifi yangu ana presha. Alipotoka jikoni nikaonja mchuzi, nikaona umepooza. Kiherehere kikanituma, nikamwagia chumvi kiganja kizima.

Mezani wifi alionja tonge moja, akasukuma sahani. "Mkwe, unataka kunizika?"

Mke wa mwanangu alinitazama vidole, bado vina chembe za chumvi. "Nisamehe, shangazi. Mkono umenizidi."

Nikaivuta sahani ya wifi, nikaimaliza, na maji sikuthubutu kuomba.