Marahaba ya Ndani ya Treni

Pale Misugusugu, ukishaiacha barabara kubwa ukateremka kidogo, ndipo walipokuwa wakikaa mzee mmoja, Mwinshehe Kondo, na mkewe Mwanamvua. Watu wa mihogo na mananasi, si watu wa makuu. Mtoto wao mmoja tu, Saida, na huyo Saida, sasa sikilizeni, alikuwa Japani. Hakwenda kuolewa wala kufanya biashara. Alisoma ufundi, akachukuliwa na kampuni moja kubwa ya treni za abiria, kazi yake kuingia chini ya mabehewa kule karakana, anakagua magurudumu na breki.

Kampuni yenyewe zamani ilikuwa mali ya serikali yao. Serikali ikaona mzigo mzito, ikaikata vipande vipande, hisa zikauzwa kwa watu. Mwinshehe hakujua hisa ni mdudu gani, lakini habari za kampuni ile alizijua kuliko za shamba lake mwenyewe, maana Saida hakuchoka kumsimulia. Treni ikichelewa hata kidogo, wanaomba radhi kwenye kipaza sauti. Fundi akikagua kitu anakinyooshea kidole na kukitaja kwa sauti, "breki, sawa," hata kama yuko peke yake, ili jicho lisimdanganye. Na ndani ya treni hakuna kuzungumza kwenye simu. Mmebanana bega kwa bega, lakini kimya.

"Kimya kabisa?" aliuliza Castory siku moja pale kwenye kahawa. Castory huyu jirani yake, mtu wa Songea, karani mjini, kila alfajiri safari ya Dar. "Kwani wana msiba?"

"Wana adabu."

"Mzee Mwinshehe, mimi ninyamaze kutoka hapa mpaka Posta? Nitafika maiti."

"Wewe wangekushusha njiani, pale Kiluvya."

Watu wakacheka, naye Mwinshehe akacheka, roho yake kwatu. Kila alipopata mwanya aliingiza neno la treni ya Saida. Hata kwenye mkutano wa maji aliliingiza.

Sasa kulikuwa na jambo moja. Mwanamvua hakuwahi kuelewa kwamba jua la Japani linawahi kuzama. Yeye akimkumbuka mwanawe adhuhuri, baada ya kuswali, anapiga. Na adhuhuri ya Misugusugu ndiyo jioni ya kule, Saida katoka kazini, yumo ndani ya treni. Mwanzoni alikuwa akikata simu. Mama akanuna.

"Mtoto ananikatia simu. Nimezaa bosi."

Basi wakapatana. Saida akiwa ndani ya treni atapokea, hatasema kitu, atagonga simu kwa ukucha, tok tok. Hapo mama atajua mtoto yupo, mzima, akishuka atapiga. Mwanamvua akaufanya mlio ule ndiyo shikamoo yake. Ukilia tu, tok tok, anaitika, "Marahaba mwanangu," anakata, anarudi kwenye mboga zake ameridhika kabisa.

Na Mwinshehe aliutilia nguvu mpango ule. Alimwambia Saida kwa kinywa chake, "Fuata adabu za wenyeji wako. Tena una koti lao mwilini. Wewe ukipayuka, watu watasema kampuni imepayuka."

"Ndiyo baba," akasema Saida. Mtoto msikivu yule.

Halafu Mwanamvua akaanza kuvimba miguu. Ikawa pumzi, akawa halali mpaka aegemezwe mito. Hospitali wakasema moyo umetanuka. Wakampa dawa, akatoka, akarudi tena, mwisho daktari akamwita Mwinshehe pembeni, akamwambia kwa upole mama akapumzike nyumbani. Mwinshehe akaelewa. Kusoma kwenyewe hakusoma sana, lakini maneno ya pembeni mtu yeyote anayaelewa.

"Tumwambie Saida," alisema.

"Usithubutu," akasema Mwanamvua. "Yule anakagua breki za watu. Akili ikiwa huku, huko itakuwaje? Mwambie nina mafua."

Ndivyo akaambiwa mafua. Akacheka kwenye simu, akasema, "Mama, mafua gani hayo yasiyoisha," akaagiza achemshiwe tangawizi. Wakachemsha tangawizi, mama akanywa, ili isiwe uongo mtupu.

Mdogo wake Mwanamvua, aitwaye Mwanaamina, akaja kutoka Maneromango kule Kisarawe kumuuguza. Ndiyo kwao hao, wote wawili wamezaliwa kule. Mwanamvua alishasema akifa alazwe Maneromango karibu na mama yao, na alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani.

Ile siku yenyewe alishinda asubuhi nzima macho yamefumba, hajibu. Mwanaamina akawa anasoma Yasini taratibu pale kitandani. Adhuhuri ilipoingia, akafumbua macho. Meupe, matulivu.

"Nataka sauti ya Saida," akasema.

Mwinshehe alichukua simu, akapiga, akaweka sauti ya nje, akamsogezea mkewe sikioni. Ikaita, ikaita. Ikapokelewa. Pakasikika mvumo, ule mvumo wa magurudumu kwenye chuma, na sauti ya mwanamke inatangaza kituo kwa Kijapani, laini kama anabembeleza mtoto. Kisha, tok tok.

"Marahaba," akasema Mwanamvua.

Siku nyingine simu ingekatwa hapo. Siku hiyo hakuna aliyeikata. Mwanamvua aliitazama ile simu, akasubiri.

"Mwambie azungumze."

"Saida," akasema Mwinshehe, "zungumza na mama yako."

Mvumo. Tok tok.

"Najua uko ndani ya treni. Sema neno, mwanangu. Hata moja."

Halafu tok tok tena, taratibu zaidi, kama anaomba radhi.

Neno alikuwa nalo Mwinshehe, lilikuwa limekaa ulimini: mama yako anakata roho. Angelisema tu, Saida angepiga kelele hata mbele ya mfalme wao. Lakini Mwanamvua alikuwa anamtazama usoni. Nani anamwambia mgonjwa maneno hayo, akiwa macho, anamtazama? Akafikiri atoke na simu uani alisemee huko. Akainuka nusu. Mkono wa mkewe ukaja, ukamshika kifundo cha mkono, haukuwa na nguvu hata ya kumshika kifaranga. Akakaa.

"Muache," akasema Mwanamvua. "Anahema. Namsikia."

Wakakaa hivyo, watatu kitandani na mmoja ndani ya treni, wakisikiliza chuma. Mwanaamina machozi yanamdondoka kwenye msahafu. Ile treni ilikuwa ya haraka, vituo vidogo haisimami, inavipita tu. Ilichukua muda.

Kisha mvumo ukapungua, milango ikafunguka, pakasikika viatu vya watu wengi. Halafu ile sauti yenyewe, ya juu, ya kukimbia, "Mama! Shikamoo mama, nimeshashuka. Samahani, leo tulijaa sana. Mama?"

Mwanaamina alikuwa tayari ameweka kiganja machoni mwa dada yake.

"Mama? Baba, mbona mmekaa kimya?"

Walimzika kesho yake Maneromango. Saida alifika baada ya siku kadhaa, kwa ndege mbili, uso umevimba kwa kulia. Castory akambebea begi kutoka barabarani mpaka nyumbani. Hakutania hata neno moja, na Castory asiyetania ukimwona unajua hapa pamefiwa. Saida akaingia chumbani kwa mama yake. Kitanda kitupu, godoro limeanikwa nje. Akakinyooshea kidole, ile desturi yake ya kazini, mkono ulijiendea wenyewe. Kidole kikabaki hewani. Neno la kutaja halikutoka.

Baba yake akampeleka Kisarawe. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mwekundu. Vijana wawili walikuwa wanafyeka majani upande wa pili.

"Ungesema tu, baba."

"Ningesemaje, ananitazama?"

Saida akaitikia kwa kichwa kwamba anaelewa. "Mbele yangu alisimama mzee," akasema. "Aliiona nembo kwenye koti langu, kisha akaiangalia simu. Nikaona haya."

Mwinshehe akangoja aseme lile lingine, kwamba ni wewe baba uliyenifundisha. Hakulisema. Angelisema, labda mzee wa watu angepata pa kushika. Akabaki anavuta pindo la kanzu yake.

Saida akachuchumaa, akarekebisha ushungi.

"Shikamoo mama," akasema.

Hakusema kwa sauti ya kaburini. Alisema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya shamba, mpaka wale vijana wakasimamisha mafyekeo wakageuka. Akangoja, kichwa kimeinama, kama mtu aliyezoea kuitikiwa.

Mwinshehe lile jibu lilimjia lenyewe, likafika mdomoni. Akalimeza. Halikuwa lake.