Mama Alipoupinga Mswada

Mama alikuwa fundi cherehani, na maneno yake mengi yalipita katikati ya pini alizobana midomoni. Tangu atutoke, miezi mitatu sasa, naikumbuka zaidi siku aliyosimama bila pini mbele ya kamati ya bunge.

Baba alipomwoa, mahari yake ilikuwa chumba: chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye dirisha la barabarani. Shehe akaandika, mashahidi wakatia saini, basi. Hakuna aliyekwenda kuisajili karatasi hiyo ya ndoa serikalini. Baba alipofariki, mdogo wake, ambaye ni baba yangu mdogo, akakitaka chumba hicho afungue duka la simu.

"Hiyo karatasi ya dini tu, shemeji," alimwambia Mama. "Mswada ukipita, korti haitaitazama hata kwa jicho moja."

Ni kweli, bungeni kulikuwa na mswada wa kuzikataza korti kuangalia sheria za dini katika kesi yoyote. Kesi yetu ya chumba na Baba Mdogo ilikuwa mwezi uliofuata. Mama akapiga pasi gauni lake la kijani, tukaenda ukumbi wa manispaa ambako kamati ilikuwa ikipokea maoni ya wananchi. Kila mtu dakika tatu. Baba Mdogo naye alikuja, akakaa nyuma kabisa, meno yote nje.

"Mama, unataka dini itawale korti?" mwenyekiti aliuliza.

"Hapana, mheshimiwa. Hakimu ndiye aamue. Mimi nataka asome tu."

"Na kama karatasi inamwonea mwanamke?"

"Aikatae. Lakini ataikataaje bila kuisoma?"

Watu wakacheka. Mama akageuka nyuma.

"Shemeji yangu yule, mwenye shati la mistari, anaupenda sana mswada huu. Marehemu hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo dini imempa shemeji fungu katika nyumba. Hebu mwulizeni, mswada ukipita, fungu hilo atalidai kwa sheria gani?"

Baba Mdogo akafunga mdomo. Akamtazama karani mstaafu wa korti aliyekaa kando yake.

"Ndiyo hivyo, ndugu yangu," karani akamwambia. "Unakosa vyote, chumba na fungu."

Baba Mdogo akaruka kitini. "Mheshimiwa! Na mimi napinga!"

"Zamu yako bado, mzee."

"Bado, lakini napinga!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwenyekiti alivua miwani, akafuta machozi. Njia yote ya kurudi nyumbani Mama alimwita Baba Mdogo "mheshimiwa mpinzani", naye alimbebea mkoba.

Wiki mbili baadaye mswada ukaondolewa. Siku ya kesi, hakimu, mama wa makamo, aliisoma karatasi kwa sauti. Sikuwahi kuisikia yote. Chini ya habari za chumba, Baba alikuwa ameongeza kwa mwandiko wake: "Nami nitabisha hodi kabla ya kuingia."

Mama akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia. Nikainama, kumbe anacheka.

"Hakubisha hata siku moja," akaninong'oneza.

Hakimu akatamka kwamba chumba ni cha Mama. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Baba Mdogo, kwa nguvu, mpaka askari wa korti akamwendea.

"Mzee, hapa si harusini."