Poromoko la Lusyonga Lilipoganda

Usiku wa kuamkia leo niliota friji ya mteja wangu inanikaripia.

"Funga mlango," inasema. "Unapoteza baridi ya watu."

Mimi ni fundi wa friji hapa Tukuyu, lawama nimezizoea. Lakini ndani ya ile friji, kwenye droo ya mboga, kulikuwa na njia ya miguu. Ilikuwa na tope na mizizi, migomba pande zote mbili, na kwa mbali nilisikia maji yanaanguka. Nikaitambua sauti papo hapo, ingawa sikuwahi kuisikia. Ilikuwa Lusyonga.

Hapa inabidi nieleze. Siku za mapumziko mimi hutembelea maporomoko ya maji. Napanda, nashuka, nateleza, nafika, napiga picha, kisha narudi nyumbani na tope hadi masikioni. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa, na kweli tupo kikundi kizima cha wagonjwa. Katika kikundi chetu heshima ni ya mtu anayeleta picha ya poromoko ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulipiga. Heshima hiyo mimi sijawahi kuipata. Kila ninapofika nakuta Ambwene ameshapita. Ambwene ni seremala, mtu mwema sana, na simpendi hata kidogo. Lusyonga ndilo poromoko pekee ambalo alikuwa hajalifikia, na mimi nililitaka mpaka usingizi ukawa unanipaa.

Basi nikaingia kwenye friji.

"Shemeji, si ungeniambia nivae koti," akasema mtu nyuma yangu.

Alikuwa Tumpe, mdogo wake mke wangu, na mabuti yake ya mvua na sinia la ndizi za kuchemsha kichwani. Tumpe hunisindikiza kwenye safari hizi kwa sababu, anavyosema yeye, lazima awepo mtu wa kurudi nyumbani kueleza nilipoangukia.

Nyuma ya Tumpe ilikuja stendi ya kamera yangu, inatembea yenyewe kwa miguu yake mitatu.

"Nina miguu mitatu na sina hata kiatu kimoja," ilisema Stendi. "Wewe una miwili, na viatu vimejaa uvunguni."

"Tukifika nitakununulia."

"Huko porini kuna duka?"

Tulipopiga hatua iliyofuata tulikuwa kanisani, katikati ya ibada. Waumini wakatupisha bila kugeuza shingo.

"Wanaokwenda Lusyonga watokee mlango wa kushoto," alitangaza mchungaji, kisha akaendelea na mahubiri.

Tumpe aliacha ndizi mbili kwenye kapu la sadaka. Tukatokea mlango wa kushoto.

Nje ndipo lilipokuwa Lusyonga. Refu, jembamba, linashuka kwenye mwamba mweusi bila haraka, na mvuke wake unalowanisha majani mpaka huku tuliposimama. Nikapiga makofi kwa furaha.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," likajibu Lusyonga. "Sogea kushoto kidogo, umenikanyaga."

Nikasogea. "Nimekuja kukupiga picha."

"Piga. Ila usinicheleweshe, kuna watu huko chini wananisubiri."

Sasa, sisi wapiga picha za maporomoko tuna utaratibu wetu. Jicho la kamera hatulifungi haraka. Tunaliacha wazi kwa muda, maji yanapita mbele yake, na kwenye picha yanatoka meupe na laini, unaweza kudhani ni maziwa. Sharti ni moja: kamera isitikisike. Ikitikisika hata kidogo, unapata ukungu.

Stendi ikajichimbia ardhini. "Mimi sijawahi kutikisika tangu nitengenezwe," ikasema.

Nafungua jicho la kamera. Nasubiri. Maji yanaanza kuwa meupe, na mimi natabasamu. Yanazidi kuwa meupe. Tumpe anachovya kidole, analamba.

"Shemeji, haya ni maziwa."

"Ndivyo yanavyotakiwa kuonekana."

"Sijasema yanaonekana. Nimesema ni maziwa."

Ningefunga jicho pale pale, yasingetokea yaliyotokea. Lakini nilitaka picha ya kumnyima Ambwene usingizi kwa mwaka mzima, nikaendelea kusubiri. Jua likatoka, kali la saa saba. Maziwa yakawa juani. Aliyekulia kwenye nyumba yenye ng'ombe anajua kilichofuata.

Yakaganda. Poromoko zima likawa mtindi, likaning'inia mwambani bila kuanguka, na sauti ikakatika. Sijawahi kusikia kimya kama kile, na niliogopa kweli kweli.

"Umenishika," likasema Lusyonga, kama mtu aliyejaza chakula mdomoni. "Siwezi kwenda."

"Asitikisike mtu," ikasema Stendi. "Picha bado inaiva."

Kutoka chini bondeni ikapanda sauti ya mwanamke, kisha akafuata mwenyewe, Mama Atupokile, na beseni kiunoni na povu mpaka kwenye viwiko. Nyuma yake walikuja wanawake wengine wenye mabeseni.

"Baba, nani kafunga mto?" akaniuliza. "Nina majoho ya kwaya nzima humu. Nimeyapaka sabuni, nimeinama niyasuuze, mto haupo. Na kesho wanaimba. Waimbe na povu?"

"Nisamehe, mama. Ni kwa sababu ya picha."

"Picha ya nini?"

"Ya mto."

Aliniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ilinichoma kuliko tusi.

Wakati huo huo mlango wa kushoto wa kanisa ulifunguka na vikatoka viatu vya Ambwene. Mwenyewe hakuja, alivituma. Vilipanda polepole, kamera imefungwa kwenye kamba zao, vikakaa juu ya jiwe na kupishana visigino.

"Sisi tunasubiri," vikasema. "Ukiharibu wewe, tunapiga sisi."

Nikavipa mgongo.

"Shemeji," akasema Tumpe, "nyumbani mtindi ukiganda tunaufanyaje?"

"Tunausukasuka kwenye kibuyu mpaka siagi itengane."

"Haya."

"Haya nini? Kibuyu kiko wapi?"

Tumpe akaelekeza kidole juu. Nikauangalia mlima linakoshukia Lusyonga. Ulikuwa na shingo nyembamba na tumbo pana, na nikajiona mjinga kwa kutoliona jambo hilo tangu mwanzo.

"Ukitikisa mlima, na mimi nitatikisika," ikaonya Stendi. "Picha inakwenda na maji. Halafu hawa ndio watakaoipata." Ikanyoosha mguu mmoja kuelekea kwa viatu vya Ambwene, vikainamisha vidole kwa adabu.

Iliniuma, sitadanganya. Nilikuwa nimebakiza punje tu niwe wa kwanza. Nikamwangalia Mama Atupokile, povu linamkaukia mikononi. Nikaliangalia Lusyonga, limenyamaza pale juu kwa ajili ya tamaa yangu.

"Tunatikisa," nikasema.

Tumpe akavua kanga aliyojifunga begani, akapanda na kuziba mdomo wa mlima. Mimi nikashika upande huu, yeye upande ule, wanawake wakashika katikati. Tukavuta. Mlima haukusogea.

"Vuta, shemeji! Au unavuta kwa mdomo?"

"Navuta!"

Mlango wa kushoto ukafunguka tena. Safari hii yalitoka maporomoko. Ntumbela lilitangulia, likafuata Mwampula, kisha mengine yote niliyowahi kuyatembelea, kila moja limebeba mwamba wake kwapani na kudondosha maji njia nzima. Nyuma yao waumini walikuwa wanapiga deki.

"Tumesikia mwenzetu kakwama," likasema Ntumbela. "Na huyu fundi tunamjua. Alikuja kwangu kwenye mvua, akateleza, akakalia tope mbele ya watoto wa shule. Akainuka, akanipigia makofi."

"Kwangu alizama mpaka kiunoni," likasema Mwampula, "na wakati wa kuondoka akaaga."

Yakaweka miamba yao chini, yakakunja mikono, yakaushika mlima.

Tunasukasuka. Mama Atupokile anaanzisha wimbo wa kusukia maziwa na wenzake wanaupokea. Mlima unakwenda huku, unarudi kule. Ndani kunalia chubwi, chubwi, chubwi. Migomba inacheza. Viatu vya Ambwene vinajikaza, vinajikaza, kisha vinashindwa, vinaruka kutoka kwenye jiwe na kuanza kupiga kishindo pamoja nasi. Stendi inayumba kwa miguu yote mitatu na kupiga kelele.

"Jamani! Jamani!" Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, "Kumbe ni raha?"

Kacha! Jicho la kamera likajifunga lenyewe.

Na papo hapo siagi ikatengana. Kanga ya Tumpe ikapaa angani, mabonge ya siagi yakaruka kila upande, yakatupiga vichwani, mikononi, migongoni, na Lusyonga likashuka. Lilishuka kwa ngurumo, jeupe la maji na si la maziwa, likapiga chini na mto ukaamka bonde zima. Wanawake wakapiga vigelegele. Majoho ya kwaya yakaruka kutoka kwenye beseni, yakajisuuza, yakasimama mtoni kwa safu na kuimba sauti zote nne. Nami nikapiga kelele kama kijana aliyefunga bao. Sijui nilisema nini, ila lilikuwa jambo zuri.

Niliangalia picha. Ulikuwa ukungu mtupu. Viatu vya Ambwene vikasogea mbele, tayari kupiga.

"Mimi leo sipigwi," likasema Lusyonga, likazijaza kamera zote mbili maji. "Fundi, unaitwa nani?"

"Lwitiko."

"Lwitiko, na sisi tunakusanya watu, hamjui tu. Wapo walionichota, wapo walionioga, nyani wamenicheka. Mtu aliyekubali picha yake iharibike ili mimi niende, sikuwa naye. Wewe ndiye wangu wa kwanza. Simama hapo nikuangalie vizuri, na usitikisike."

Nikasimama. Lusyonga linaniangalia, wala halifungi jicho. Linaniangalia muda mrefu, mpaka naona mikono yangu inaanza kuwa meupe na laini pembezoni. Maporomoko yote yananipigia makofi. Tumpe anawaambia wanawake, "Huyo ni shemeji yangu, wa kwetu kabisa." Machozi yananitoka na sijali nani anayaona. Mimi, Lwitiko, ni wa kwanza!

Kisha nikatikisika.

Alikuwa mke wangu, Sekela, kanishika bega.

"Amka, baba, chai inapoa. Mkate upo, ila siagi imeisha tangu juzi, usije ukaanza kuuliza."

Nikaketi kitandani. Kwenye pindo la mkono wa shati nililolala nalo kulikuwa na donge dogo, saizi ya harage, jeupe na la baridi. Nililiokota kwa ncha ya kijiko, nikalipaka kwenye mkate. Lilitosha kipande kimoja. Nilikikata, nusu nikampa Sekela.

Alitafuna taratibu, akaacha, akatafuna tena.

"Tamu," alisema. "Ya ng'ombe wa nani?"

Nikamwambia si ya ng'ombe.